Jina la Nne katika Wimbo wa Mlango

Siku waliyomzika Mukhebi, mzee wa bucha ya Kimumu, Wabuge hakula. Si kwamba huzuni ilimziba koo, ingawa huzuni nayo ilikuwepo, maana Mukhebi alikuwa mtu wa kukukatia nyama nzuri hata kama hukujua kuichagua. Ilikuwa hofu tu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa ya hema, sahani ya wali na maharagwe magotini, akawa anahesabu kwa vidole chini ya sahani ili jirani asimwone: Khaemba, Lusweti, Mukhebi. Alipofika kidole cha nne akakikunja haraka. Kidole cha nne kilikuwa chake yeye.

Waluhya wa Eldoret hawahitaji kuelezwa hesabu hiyo, lakini wengine watanivumilia. Kulikuwa na mzee mmoja, Wepukhulu, mpiga litungu, kile kinubi cha nyuzi saba cha Wabukusu. Alikuja huku akiwa kijana, akafanya kibarua katika mashamba ya ngano, akazeekea hukuhuku na kinubi chake. Kila aliyeoa, aliyeozesha au aliyezika, kuanzia mtaa wa Kimumu hadi soko la Ziwa, aliwahi kumkaribisha Mzee Wepukhulu kwake na kumlisha vizuri. Nyimbo zake zilikuwa nyingi, ila uliovuma kuliko zote ni Wimbo wa Mlango. Humo Mzee ameketi mlangoni pa nyumba kubwa, na wageni wanafika mmoja mmoja. Kila mgeni anaitwa kwa jina, anataniwa kidogo, anasifiwa kidogo, kisha anaambiwa: "Ingia, nafasi ipo, kigoda bado kina joto." Wanaitwa watu saba, na wote walikuwa watu wa kweli, wa mitaa hii hii.

Mzee alipokuwa hai, huo ulikuwa wimbo wa furaha. Watu walingoja kiitikio wapige makofi na kutikisa mabega. Mwezi wa pili Mzee akafariki, na wimbo ukabadilika bila neno hata moja kubadilishwa. Sauti ile ile, kinubi kile kile, lakini sasa anayekaribisha yuko kaburini. Watu wakaanza kuulizana nyumba hiyo ni ipi. Mama mmoja wa kanisani kwa Wabuge, aliyefiwa na mwanawe, alisema wimbo umemponya, kwa kuwa sasa anajua mtoto wake alipokelewa na akapewa mahali pa kukaa. Fundi viatu wa karibu na stendi alishikilia kwamba wimbo unawahusu wale waliotoka kwao na mkoba mmoja wakaja kufunguliwa mlango Eldoret, na akiufikiria hivyo machozi yanamtoka. Kila mtu alikuwa na lake. La Wabuge lilikuwa baya kuliko yote.

Kwa maana baada ya siku arobaini tu akafa Khaemba, fundi baiskeli, jina la kwanza katika wimbo. Mvua za mwezi wa tano zikamkuta Lusweti katekista akizikwa, jina la pili. Kisha Mukhebi, jina la tatu. Aliyeziunganisha habari hizo alikuwa Shitanda, mpakiaji wa magunia katika stoo ya mahindi alikofanya kazi Wabuge, mtu wa Kakamega ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu. Alisema mbele ya wapakiaji wote, gunia likiwa begani: "Wabuge, si hawa wazee wanaenda na laini ya ile wimbo? Sasa si wewe ndio unafuata?" Akacheka, na wenzake wakacheka. Wabuge naye alicheka. Kisha alizunguka nyuma ya stoo, akaketi juu ya matofali na kubaki hapo mpaka alipotafutwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba nafasi hiyo ya nne aliitafuta mwenyewe. Mzee alipokuwa akiutunga wimbo, miaka mingi nyuma kwenye harusi moja hapo Kimumu, Wabuge alikuwepo pamoja na kaka yake mkubwa, Sitati. Wote wawili walikuwa waitwe. Lakini Wabuge siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa ukarani, kalamu mbili mfukoni, na Sitati alikuwa bado analima vibarua vya watu huko Ziwa, na suruali yake ilikuwa na kiraka kikubwa. Wabuge aliona haitapendeza karani aitwe nyuma ya kibarua. Akalivua koti lake jipya, la kitambaa kizito, akamvika Mzee Wepukhulu mabegani, akamnong'oneza: "Mzee, mimi uniweke mbele ya Sitati." Mzee alilitazama koti, akawatazama ndugu wawili, akasita sana. Kisha akapiga uzi mmoja na kumwita Wabuge wa nne, Sitati wa tano. Sitati alitabasamu tu na kuangalia pembeni.

Basi koti ndilo lililomfikisha hapo.

Wabuge hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika stoo ya mahindi ya Kipkoech aliheshimiwa kwa sababu ya jino. Mashine ya kupima unyevu ilikuwepo, imefungwa kwa kamba dirishani isiibiwe, lakini wakulima hawakuiamini na Kipkoech mwenyewe hakuiamini. Walimwamini Wabuge. Alichukua punje tatu, moja ya juu ya gunia, moja ya katikati, moja ya chini, akaziuma kwa jino la nyuma upande wa kulia huku amefumba macho. Punje kavu hulia na kupasuka. Yenye maji huminyika kimya. Aliposema "bado siku mbili juani," mkulima alibeba mahindi yake na kuyarudisha juani bila kugombana.

Hofu ilipomwingia, jino likawa la kwanza kuharibika. Aliuma punje na mawazo yako kaburini kwa Mukhebi, asisikie lolote. Wiki moja haikupita, Kipkoech akamwita kando, mkono ameutumbukiza ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. "Wabuge, haya mahindi ya Jumanne imeanza kupata joto ndani. Ulipima kweli?" Wabuge akaapa kwamba alipima. Kipkoech akasema tu yarudishwe nje yaanikwe, na Wabuge akaona aibu mpaka masikioni.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Aliacha kupanda pikipiki. Aliacha kupita chini ya magunia yaliyopangwa juu. Aliacha samaki kwa sababu ya miiba, akaacha nyama kwa sababu Mukhebi alikuwa wa nyama, na maharagwe akayala moja moja. Tryphosa, mke wake, alivumilia hadi alipomkuta anachungulia ndani ya kikombe cha chai.

"Baba Naliaka, sasa unatafuta nini kwa chai?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia kifo kwa chai yangu? Mimi niliyekupikia miaka thelathini na nane?" Tryphosa alikichukua kikombe, akanywa funda kubwa, akamrudishia. "Haya. Tutaenda wote."

Na wimbo wenyewe ulikuwa kila mahali. Tangu Mzee afe, vibanda vyote viliupiga. Wabuge alijua duka gani lina redio na duka gani halina, akaenda kazini kwa kuzunguka, akipita katikati ya mashamba ya watu kama mwizi wa mahindi mabichi. Siku moja alikuwa kwa kinyozi, upande wa kushoto umeshanyolewa, kinubi kikalia kutoka kwenye spika juu ya kioo. Khaemba akaitwa, akaambiwa aingie. Lusweti akaitwa. Wabuge alijua kwamba hawezi kulisikia jina lake likitajwa hapo, akiwa amefungwa kitambaa shingoni. Aliruka, akatupa kitambaa, akatoka mbio na nusu ya nywele zake. Tryphosa ndiye aliyemalizia kwa wembe, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wabuge naye alitikisika, ila si kwa kicheko. Alikuwa anaogopa kwelikweli, kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuieleza, na kila asubuhi jambo la kwanza alilolifanya ni kushika kifua chake asikie kama moyo bado unadunda.

Hapo ndipo simu za Christabel zilipoanza.

Christabel ni binti wa Sitati. Alimpigia Jumatatu mchana. "Baba mdogo, Papa amelazwa hapa mjini. Tumbo imefura. Madaktari wanasema ni uvimbe kwa utumbo, lazima apasuliwe."

Wabuge alitaka kuuliza wodi gani, na badala yake akakohoa. Hospitali hiyo ndiyo aliyofia Mukhebi. Katika akili yake ya siku hizo, mtu ambaye ni zamu yake akiingia getini pale hatoki tena. "Pole sana, mama. Niko na homa kali. Nikipata nafuu nitakuja."

Jumanne Christabel akapiga tena. Daktari ameleta fomu, na Papa amekataa kuisaini. Anasema hasaini kitu mpaka amwone Wabuge. "Kuja tu hata dakika tano, baba mdogo. Daktari anasema ikivuka Ijumaa utumbo unaweza pasuka wenyewe, na hapo hakuna mtu atasaidia."

Wabuge alikata simu akiwa amelowa jasho. Kwa nini Sitati amtake yeye kabla ya kusaini? Alipolifikiria sana akapata jibu moja tu, na jibu hilo lilimtia baridi: Sitati anaujua wimbo, anajua ni zamu ya nani, na anataka kumuaga mdogo wake. Ndiyo, mtu anayesubiri kupasuliwa tumbo anataka kumuaga mzima! Hofu ikishamkamata mtu humpa akili za namna hiyo. Alizima simu, akaizika ndani ya debe la unga, akamwambia Tryphosa imeharibika.

Jumatano na Alhamisi simu ilibaki ndani ya unga.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko la Ziwa, na Kipkoech akasema Wabuge apande lori waende kununua mahindi, maana hawezi kununua bila jino. Wabuge alijitetea kwa homa, kwa mgongo, kwa macho. Kipkoech alimwambia kwamba ikiwa jino limestaafu aseme, atafute mwingine. Tryphosa alikuwa ameleta chakula cha mchana cha mumewe, akayasikia yote. Alimsukumia mfukoni simu, imepanguswa unga na kuwashwa.

"Na ukifika huko sokoni, mjane wa Wepukhulu anauza mboga," alimwambia. "Muulize yeye hiyo mambo yako. Mimi nimechoka kuishi na marehemu."

Safari hiyo Wabuge aliifanya ameshika mlango wa lori kwa mikono miwili. Shitanda alikuwa nyuma juu ya magunia matupu akiimba, na kwa bahati alikuwa na huruma ya kutoimba wimbo ule. Kila lori la maziwa lililokuja mbele yao Wabuge aliliona ndilo litakalomuua. Alisali kimya njia nzima. Walipofika alishuka akiwa hoi, akauma punje za gunia la kwanza, la pili, hakusikia chochote, akamwomba Kipkoech ruhusa ya dakika chache.

Mama Nabalayo, mjane wa Mzee Wepukhulu, alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya sukuma na kunde, kitambaa cheusi cha matanga bado kimefungwa kichwani. Alimtambua Wabuge mara moja. "Karani! Wewe wa koti!"

Wabuge alichuchumaa mbele ya kunde. Hakuzunguka. "Mama, nimekuja unisaidie. Nataka nitolewe kwa ile wimbo."

"Utolewe namna gani?"

"Sijui. Kama kuna dawa, ama maombi, ama kitu Mzee aliacha. Wanaenda kwa laini, Mama. Khaemba, Lusweti, Mukhebi. Mimi ndio wa nne." Na hapo mtu mzima huyo, karani, babu wa wajukuu watano, akaanza kulia mbele ya wanunuzi wa mboga.

Mama Nabalayo hakucheka, ingawa mwingine angecheka. Alimpa kipande cha gazeti apanguse uso. "Wabuge, Khaemba alikuwa na miaka ngapi?"

"Tisini hivi."

"Lusweti?"

"Themanini na nne."

"Na Mukhebi alikuwa na sabini na saba, na sukari, na alikuwa anakula mafuta ya ng'ombe na kijiko. Sasa skiza. Mzee wangu alikuwa na masharti. Hakuwa anaita mtu kwa wimbo kabla ya kumuuliza: ulitahiriwa mwaka gani? Hawezi kuita mdogo mbele ya mkubwa, watu wataona amekosa adabu. Aliwapanga hivyo. Mkubwa kwanza, halafu anayefuata, mpaka mwisho. Sasa wewe ulitaka wafe namna gani? Mtoto kwanza?"

Ilikuwa wazi sana, tena kwa Mbukusu, mtu anayejua mwaka wa kutahiriwa wa kila mwanamume wa mtaa wake kuliko anavyojua siku za kuzaliwa za watoto wake! Walipangwa kwa umri, wakafa kwa umri. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeliona hilo, kwa sababu wote walikuwa wamesikiliza wimbo wakiwa na mtu wao moyoni, na yeye aliusikiliza akiwa na yeye mwenyewe.

Nafuu ilimshukia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Aliweza kusikia soko tena, mbuzi, wachuuzi, watoto. Alitaka kuinuka na kununua kunde zote.

"Ni wewe tu uliharibu," Mama Nabalayo aliendelea, akipanga mafungu yake. "Mzee alirudi nyumbani siku hiyo na koti yako na hasira. Akaniambia, hii koti imenivurugia wimbo. Aliimba hivyo maisha yake yote na ikamkera maisha yake yote. Hapo kwa nne si pako."

"Pa nani?" aliuliza Wabuge, na kabla hajamaliza kuuliza alikuwa ameshajua.

Sitati alitahiriwa miaka minane kabla yake.

Ile nafuu ilimtoka yote kwa mara moja. Siku zote hizo alikuwa amejikunyata kwake Kimumu akilinda maharagwe yasimkabe, na kaka yake, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa kitandani na tumbo limefura, akimwita. Ijumaa ilikuwa leo. Aliitoa simu mfukoni. Kulikuwa na simu kumi na saba za Christabel alizozikosa, na ujumbe mmoja wa asubuhi: Papa bado amekataa. Wabuge aliogopa kumpigia, asije akaambiwa amechelewa. Alisimama kati ya mafungu ya mboga akiangalia simu. Hii haikuwa hofu ile ya wiki tatu. Ile ilikuwa na vichekesho ndani yake hata kama yeye hakuviona. Hii haikuwa na chochote cha kuchekesha.

Hakurudi kwa Kipkoech kuaga. Shitanda alimwona akikimbia kuelekea barabarani, mzee wa miaka sitini na mitatu, shati limechomoka, akasimamisha pikipiki ya kwanza na kuipanda kabla haijasimama vizuri. Yeye ambaye alikuwa ameapa kutopanda pikipiki! Alimwambia dereva aende mbio, na kila walipopita lori alifumba macho na kumwambia aongeze. Aliomba njia nzima, na mara hii maombi yake hayakuwa na jina lake.

Wodi ilikuwa ghorofa ya pili. Alipanda ngazi akihema. Christabel alikuwa nje ya mlango, macho mekundu, na alipomwona hakumsalimu. Alimtazama tu kwa hasira na uchovu, akampisha.

Sitati alikuwa amelala ameelekeza uso ukutani. Alikuwa amekonda kila mahali isipokuwa tumbo. Wabuge alimwita, "Mzee." Hakugeuka. Alimwita tena, "Ndugu mkubwa, ni mimi."

Sitati aligeuza kichwa polepole. Alimkodolea macho, kisha akanyoosha mkono, akamshika sikio, akalibana kwa nguvu mpaka Wabuge akasema "Aii."

"Ni wewe," Sitati alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Uko hai?"

"Niko."

"Mimi nilijua wameshakuzika." Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho, yakaingia masikioni, naye hakuyapangusa. "Mukhebi aliingia. Halafu nakutafuta, naambiwa uko na homa. Kesho yake, homa. Halafu simu imezimwa. Nikasema basi, Wabuge ameingia na hawa watoto wananificha kwa sababu ni mgonjwa. Na kama wewe umeingia, Wabuge, si mimi ndio nimesimama hapo mlangoni? Sasa daktari ananiletea kisu. Ningekubali namna gani? Najua nikilala siamki."

Wabuge alishika ukingo wa kitanda. Kumbe hawakumwita ili aagwe. Kaka yake alikuwa amelala hapo siku tano akiogopa hofu ile ile, neno kwa neno, na aliyemwongezea hofu hiyo ni yeye, na simu yake ndani ya unga.

Maneno ya Mama Nabalayo yalimjaa mdomoni. Ilikuwa rahisi kuyasema: Mzee Sitati, ni mambo ya umri tu, Wepukhulu alitupanga kwa mwaka wa kutahiriwa, huna haja ya kuogopa. Lakini angeyasemaje hayo bila kusema lile jingine, kwamba kwa mpango huo nafasi ya nne ilikuwa ya Sitati tangu mwanzo? Alimtazama kaka yake, mikono yake ya jembe juu ya shuka, na akaona kwamba mtu huyu amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushika.

"Mzee, niangalie," alisema. "Wa nne ni nani?"

"Ni wewe."

"Na wa tano?"

"Mimi."

"Basi. Mimi niko mbele yako, na bado niko hapa, na sijaambiwa niingie. Unaweza kunipita mimi?"

Sitati aliwaza. "Siwezi," alisema mwishowe. "Ulitoa koti."

"Nilitoa koti."

"Hiyo siku ulinikasirisha, Wabuge. Nilitabasamu tu kwa sababu ya watu. Nililala nayo miaka mingi." Alinyamaza kwa sababu ya maumivu, uso ukajikunja, kisha ukalegea. "Sasa nashukuru."

Wabuge angeweza kuvumilia kutukanwa. Shukrani ndiyo iliyomkata, akageukia dirishani. Na wakati huo huo hofu yake ya zamani ilirudi yote, kama ilivyokuwa siku ya mazishi ya Mukhebi, kwa sababu alikuwa ametoka kuichukua tena nafasi ile kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya shahidi, na mtu hawezi kujua ni nani mwingine anasikiliza. Aliona ni upumbavu. Hata hivyo aliogopa.

"Lete hiyo fomu," Sitati alimwambia Christabel.

Alisaini, herufi zikapanda mlima. Daktari aliitwa. Wakaja na kitanda cha magurudumu, wakamhamisha, mmoja akashika kichwa na mwingine miguu, na Wabuge akashika katikati ingawa hakuna aliyemwomba. Walimsukuma kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa, Christabel upande mmoja, Wabuge upande mwingine, hadi walipofika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, wenye mapazia ya plastiki na mstari mwekundu uliochorwa sakafuni.

"Jamaa wa mgonjwa mwisho ni hapa," muuguzi alisema.

Sitati alijaribu kuinua kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na macho yalikuwa yakitafuta huku na huku. "Wabuge."

"Niko hapa, Mzee."

"Usikae nyuma. Tangulia."

Muuguzi alianza kueleza kwamba hairuhusiwi. Wabuge alikuwa ameshauacha ukingo wa kitanda. Alipita mbele, akauvuka mstari mwekundu, akayasukuma mapazia kwa mikono yote miwili, akaingia.